Walisema Wanza Amekubali

Wanza alikuwa mrefu kuliko wanawake wengi wa Kawangware, na urefu huo haukumfaa popote ila uwanjani. Mlango wa chumba alichopanga na mumewe ulimgonga kichwa kila alipotoka akiwa na haraka. Watu walimwita mlingoti, wakacheka, yeye naye akacheka nao. Lakini zamani kule Kitui, alipokuwa msichana wa shule, mwalimu wa michezo alimtazama mara moja tu akamsimamisha chini ya pete ya netiboli, na tangu siku hiyo mpaka alipoacha masomo darasa la saba hakuna aliyemwambia ainame.

Baadaye aliolewa na Kimanzi, fundi wa kuchomelea vyuma, wakaja Nairobi. Netiboli ikasahaulika. Wanza alitandika gunia kando ya barabara, karibu na stendi ya matatu za arubaini na sita, akapanga sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Askari wa kanjo, baraza la jiji, walipotokea na lori lao, alishika pembe zote za gunia, akalitupa mgongoni na kukimbia. Alikuwa na mbio. Hata hivyo nyanya hazipendi kukimbizwa, na jioni nyingi alirudi nyumbani na rojorojo.

Mahali alipouzia palipakana na ua wa shule ya msingi ya kanjo, ambako Mwende, mtoto wake wa kwanza, alikuwa akisoma. Ndani ya ua kulikuwa na uwanja mpana uliokuwa nusu nyasi, nusu jalala. Watoto waliuzunguka kama watu wanaopita kaburini, na Ijumaa jioni lango lilifungwa kwa mnyororo mpaka Jumatatu. Jumapili moja mwaka wa tisini na tatu, wakitoka kanisani, Wanza alisimama akachungulia juu ya ua, maana yeye aliweza.

"Huku ndani kuna uwanja umelala tu bure," alimwambia Kageha.

Kageha alikuwa jirani yake katika ploti ile ya vyumba vya kupanga na rafiki yake wa karibu kuliko wote, Mmaragoli mfupi aliyesuka nywele mlangoni pake. Mikono yake haikutulia hata alipokuwa hana mteja.

"Na sisi tumelala pia," Kageha alisema. "Mimi nilikuwa nacheza senta, unajua? Huko Chavakali hakuna mtu alikuwa ananishika."

Kesho yake wakaenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu Nalianya alikuwa mtu wa maneno machache, na aliwasikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Shule ni ya watoto wenu," aliwaambia. "Lakini mimi sina mtu wa kusafisha pale, na kanjo hawatanipa. Mkipasafisha, asubuhi ni pa watoto, jioni na Jumapili ni penu."

Hawakuandikiana chochote. Wakapeana mikono, na wakati ule hakuna aliyeona kuna haja ya zaidi.

Wanawake walijitokeza mmoja mmoja. Wauza mboga walikuwepo, na wafua nguo, na wasichana waliofanya kazi za nyumbani Lavington na kupata mapumziko Jumapili mchana. Waliokota mifupa, chupa zilizovunjika na viatu visivyo na wenzake. Walichimba mtaro wa kutoa maji. Kuna mjengo ulikuwa ukiendelea Lavington, na msimamizi wake aliwaruhusu wachukue udongo mwekundu uliochimbuliwa, basi wakaubeba kwa karai kichwani, safari baada ya safari, wakaumwaga na kuushindilia kwa miguu huku wakiimba. Kimanzi alitafuta mabomba ya maji ya zamani, akayaunganisha kuwa nguzo, akakunja nondo kuwa pete, akazipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye lango la mteja. Alizisimika mwenyewe. Wanza alimwangalia akipima urefu wa nguzo kwa macho, jasho likimtiririka shingoni, akahisi kwamba hajawahi kumpenda mwanaume huyu vya kutosha.

Wakaanza kucheza, Wanza akiwa kapteni. Miezi ya kwanza walicheka zaidi ya walivyocheza, maana miili ilikuwa imesahau. Kisha ikakumbuka. Kitu kimoja kilichomfurahisha Wanza, ambacho hakumwambia mtu, ni kwamba pale uwanjani waliitana kwa majina yao. Kule nje alikuwa Mama Mwende, na Kageha alikuwa Mama Boaz, na kila mmoja aliitwa kwa mtoto wake. Lakini ukiutaka mpira huwezi kungoja mtu amalize kusema Mama fulani. "Wanza!" Kageha alipiga kelele, na mpira tayari uko hewani. Kulikuwa na siku Wanza alisikia jina lake likiitwa hivyo mara nyingi kuliko alivyolisikia mwaka mzima.

Lango lililofunguliwa kwa netiboli likafungukia na wengine. Watu waliotoka mkoa wa Magharibi walipofiwa, walipewa darasa la kukutania jioni kupanga safari ya kumpeleka marehemu nyumbani. Mifereji ya maji ya mtaa ilipokauka, majirani walijaza ndoo kwenye mfereji wa shule. Wanawake nao waliosha madarasa kila muhula ulipofungwa, bila kuombwa. Timu ya Kianda, kule Kibera, ikasikia habari, ikaja kucheza nao. Kapteni wao, Musimbi, alikuwa na sauti ya kuamsha ploti nzima, na aliposhindwa alimkumbatia Wanza akamwambia, "Nyinyi mna bahati. Mna mwalimu na mna uwanja. Shikeni vizuri."

Ni kwa sababu ya nguzo zile, na lango la shule alilolitengeneza bure, Kimanzi alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Wanza alimnunulia koti la mtumba, akalipiga pasi. Mwanzoni mumewe alirudi mikutanoni akiwa na mengi ya kusimulia: choo kipya, madawati, mwalimu anayechelewa. Baadaye masimulizi yakapungua. Wanza akadhani amechoka tu.

Desemba ya mwaka wa tisini na sita, Kimanzi alisema, "Mwaka huu tangulia nyumbani na watoto mapema. Mama amekuwa akiuliza wajukuu."

"Na wewe?"

"Niko na kazi ya mageti. Nitakuja Krismasi, nikichelewa mwaka mpya."

Hakuja Krismasi, wala mwaka mpya. Wanza alikaa Kitui akapalilia mbaazi na mama mkwe wake, akarudi Januari shule zikikaribia kufunguliwa. Kimanzi alikuwa akiwangoja stendi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliubeba mfuko wa mbaazi begani, akawatuma watoto watangulie nyumbani.

"Kuna kitu nataka uone kwanza," alisema.

Pale kando ya barabara, mahali palipokuwa na ua wa shule, palikuwa na safu ya vibanda vya mabati mapya, iliyoingia ndani hadi karibu na madarasa. Kimanzi alimwongoza hadi kibanda cha mwisho, chenye mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe. Alifungua kufuli, akamtia mkewe ufunguo kiganjani.

"Ingia."

Wanza aliinamisha kichwa kwa mazoea, kisha akaona hakuna haja. Mlango ulikuwa mrefu. Kimanzi aliutengeneza kwa kipimo chake. Ndani kulikuwa na rafu za nyanya, meza ya mbele ya kukatia sukuma wiki, na ndoano za kuning'inizia mizani. Mvua haitaingia. Hapatakuja lori la kanjo. Wanza alicheka kama msichana, akamshika mumewe mkono, na baadaye, alipokuwa akiyakumbuka haya, kicheko hicho ndicho kilichomuuma kuliko mengine.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na kidirisha cha wavu. Alikisogelea kuona upepo utapita wapi. Upande wa pili, karibu kabisa, aliona ukuta wa darasa la nne uliochorwa ramani ya Kenya. Ramani ile aliijua. Kila alipokuwa akilenga pete, ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yake, Ziwa Turkana likiwa limebambuka rangi. Akatazama chini. Udongo wa sakafu ulikuwa mwekundu, umeshindiliwa vizuri.

"Baba Mwende, hapa ni wapi?"

"Hapa ni kwako."

"Nauliza hapa ni wapi."

Kimanzi aliutua mfuko wa mbaazi chini. Akaeleza, akianza katikati, akirudi nyuma. Kulikuwa na tajiri mmoja mwenye karatasi za ardhi ile, karatasi zilizotoka huko juu, na hakuna mtu wa mtaa ambaye angeziuliza maswali. Angeuchukua uwanja wote. Kamati ikakaa naye. Akakubali kuwaachia ukanda mwembamba wa vibanda upande wa madarasa, na kila mwanakamati akapata kibanda.

"Na wamama wa netiboli?"

"Niliongea nao."

"Walisema nini?"

Kimanzi alikuwa akilitazama kufuli mkononi mwake, akilifunga na kulifungua. "Hawakukataa," alisema.

Wanza alikwenda moja kwa moja hadi kwa Kageha, hata vumbi la safari hajalinawa. Kageha alikuwa mlangoni pake akimsuka msichana fulani. Aliinua macho, kisha akayarudisha kwenye kichwa cha mteja.

"Karibu, Mama Mwende."

Walikuwa peke yao na msichana wa watu, na Kageha hakuwa amemwita hivyo tangu waanze kucheza. Wanza alibaki amesimama.

"Kageha, nimetoka kuona uwanja sasa hivi."

"Umeona kibanda pia?"

"Nimeona. Sikujua."

"Mm."

"Nakwambia sikujua kitu."

Kageha alimaliza msuko mmoja, akaufunga kwa uzi. "Kuliitwa mkutano wa wazazi shule zikiwa zimeshafungwa. Wewe ulikuwa umeshaenda. Mzee wako akasimama akasema kila mtu amekubali. Mimi nikauliza, na uwanja wa wamama? Akasema, kapteni wao ni bibi yangu, na amekubali, amesema watoto wanahitaji chakula kuliko mpira. Hivyo ndivyo alisema. Watu wakaniangalia mimi. Ningesema nini? Niseme Wanza hawezi kusema hivyo, na mzee wako mwenyewe amesimama hapo? Tulinyamaza kwa sababu yako."

"Ungeningoja."

"Tulikungoja. Vibanda vilijengwa tukikungoja. Watu wakasema umeenda ushago, huko Kitui, ndio usionekane." Sasa alimtazama. "Mimi nilikutetea wiki nzima. Nikasema huyo simjui vile mnasema. Halafu nikaona huo mlango. Huo mlango ni wa mtu mwingine?"

Mlango haukuwa wa mtu mwingine.

Alirudi kwake. Kimanzi alikuwa ameketi kitandani, watoto wakicheza nje. Wanza aliwasha stovu, akabandika maji, na akasema bila kugeuka:

"Uliwaambia nimekubali."

"Nilijua ungekubali."

"Ulijuaje?"

"Mama Mwende, mimi ndiye naona vile unarudi na nyanya zimepasuka. Mimi ndiye nasikia ukilalamika magoti. Nilifanya kwa ajili yako. Mpira utakulisha? Na huyo mtu angechukua tu. Tungekataa tungebaki bila uwanja na bila kibanda."

"Labda."

"Si labda. Ni hivyo."

"Kama ni hivyo, si ungeniambia hivyo hivyo kabla sijaenda? Tungekaa hapa unieleze. Pengine ningelia, halafu nikubali. Lakini uliona heri nisiwepo."

Kimanzi aliinama kufungua kamba za viatu.

"Ulisema mama anauliza watoto," Wanza aliendelea. "Nilikuwa naye mwezi mzima. Hakuwa ameuliza. Alishangaa kutuona."

Maji yakachemka. Akasonga ugali, akawaita watoto wakala, na usiku huo hakuna aliyesema neno jingine zaidi ya kuomba chumvi.

Mwalimu Nalianya alipomwona mlangoni pa ofisi, alivua miwani. Alisema amepata uhamisho, anaondoka mwisho wa mwezi. Hakutaka kuzungumza juu ya tajiri yule. Lakini hakumficha jambo moja.

"Nilimwuliza mzee wako mara ya pili tukiwa wawili tu. Nikamwambia, mimi niliwapa wale wamama neno langu, siwezi kulivunja bila wao. Akaniambia, mwalimu, mama mwenyewe ndiye amenituma."

"Na wewe ukaamini."

"Ilikuwa rahisi kuamini," alisema Nalianya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujihukumu. "Kuna mkutano wa wazazi Jumamosi. Nitakuwepo bado. Ukitaka kusema, sitakuzuia."

Jumamosi darasa la nane lilijaa. Wazazi waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa juu. Kimanzi alikuwa mbele na koti lake. Walipomaliza mambo ya sare za shule, Wanza akasimama.

"Mwenyekiti, naomba kuongea."

Kimanzi aliangalia meza. "Mama, hiyo haiko kwenye ajenda."

"Bado sijasema ni nini."

Nalianya alikohoa. "Mwache aseme."

Wanza alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na sasa yalikuwa yamemtoroka. Akasema yaliyobaki. "Mliambiwa hapa kwamba nilikubali uwanja utolewe. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa Kitui. Sikutuma mtu. Wenzangu ambao tulibeba udongo pamoja, nataka mjue hivyo tu. Sikukubali."

Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa na kibanda chake safu ileile, akasema kwa upole, kama anayemsaidia, "Mama, hayo ni mambo ya nyumbani. Mmalize nyumbani." Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu waliopata njia ya kutoka. Hata baadhi ya wanawake walicheka. Wanza alimtafuta Kageha kwa macho, akamwona nyuma kabisa, ameinama, akivuta uzi wa sketi yake.

"Na ufunguo wa kibanda?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Huo nao ulipewa bila kukubali?"

Wanza alifungua fundo la leso yake. Akatembea mpaka mbele, akaweka ufunguo mezani mbele ya mumewe. "Huu hapa," alisema. Akatoka nje, na nyuma yake akasikia Kimanzi akiuliza kama kuna jambo jingine.

Hakuna kilichobadilika. Tajiri alijenga ukuta wa mawe nyuma ya vibanda, na watoto wakawa wanafanyia mazoezi ya viungo kwenye ujia kati ya madarasa, Mwende akiwa miongoni mwao. Mwalimu mkuu mpya alifunga lango na mfereji. Wafiwa walikutana tena kando ya barabara, wakikalia mawe. Wasichana wa Lavington hawakuwa tena na sababu ya kushuka Kawangware Jumapili, na timu ikaisha bila mtu kutangaza kwamba imeisha. Kimanzi alimkodishia muuza makaa kibanda kile.

Wanza aliendelea na gunia lake. Kazi ikawa ngumu zaidi, kwa sababu wenye vibanda walikuwa wakienda kanjo kulalamika kwamba wachuuzi wa chini wanawaharibia biashara. Mara ya kwanza alipokimbizwa mbele ya safu ile, aliwaona wanakamati wamesimama milangoni wakitazama. Kimanzi hakuwepo. Wanza alishukuru kwamba hakuwepo, kisha akakasirika kwamba ameshukuru.

Mvua za Aprili zilipoanza, Kageha alikuja kununua nyanya. Alizichagua kwa muda mrefu.

"Nilidhani mlipanga pamoja," alisema.

"Najua."

"Siku ile ya mkutano nilitaka kusimama."

"Hukusimama."

"Sikusimama," Kageha alikubali. Alilipa, akachukua nyanya zake. Wanza akamwongezea moja, kama alivyomwongezea mteja yeyote. "Asante, Mama Mwende," Kageha akasema, na wala hakusikia alichosema. Baada ya hapo alikuja mara kwa mara. Waliulizana habari za watoto. Walikuwa majirani wazuri.

Ni Musimbi aliyemtumia salamu kutoka Kianda, kupitia dada mmoja wa kanisa: kwao shule bado inawafungulia, aje. Wanza alikataa mara kadhaa. Halafu Jumapili moja akapitia Ngong Road kwa miguu mpaka stendi ya Olympic, pembeni mwa Kibera, akauliza njia. Timu ilikuwa na mfungaji wake tayari, msichana mdogo mwenye shabaha, kwa hiyo Wanza akawekwa nyuma kuzuia. Hakuwahi kucheza kuzuia. Siku ya kwanza alipitwa ovyo na hakuna aliyemlaumu. Alirudi Jumapili iliyofuata. Hakumwambia Kimanzi anakokwenda, naye hakuuliza. Tangu ule mkutano walikuwa wakiishi kwa adabu kubwa. Wanza alimpikia, alimfulia, alimjibu alipoulizwa. Kimanzi alipotaka kujua anafikiri nini, alimwambia anafikiria nyanya.

Jumapili ya mwezi wa Agosti, mchezo ulipokwisha, alimwona mumewe amesimama nje ya ua wa shule ya Kianda. Alikuwa bila koti, vidole ameviingiza kwenye wavu. Haikujulikana amesimama pale muda gani. Wanza aliwaaga wenzake, akachukua viatu vyake, akatoka.

Walitembea, Wanza mbele kidogo kwa sababu ya miguu yake mirefu.

"Wanza," Kimanzi akaita.

Akageuka. Mumewe hakuwa na mazoea ya kumwita hivyo.

"Nisamehe."

Watu walikuwa wakipita na mitungi ya maji, na mtu mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni aliwaomba njia, wakasogea kando kumpisha.

"Nimesikia," Wanza alisema.

Kimanzi alingoja. Alipoona hakuna linaloongezwa, akauliza, "Jumapili ijayo utakuja tena?"

"Nitakuja."

"Naweza kuja kukuangalia?"

Wanza alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Alichukua muda, akafunga na ya pili.

"Usiniulize mimi," alisema. "Uwanja si wangu. Kuna kapteni, anaitwa Musimbi. Ukija, muulize yeye, na umngoje ajibu."

Akainuka, wakaendelea na safari ya kurudi Kawangware.